Mdomo Uliosafiri Kutoka Buhinyuza

Ukungu wa asubuhi bado umelalia mabati ya Musinzira, mjini Gitega, na Emiliana haitikii salamu ya mtu.

Anapita mbele ya meza ya vitenge ya Bulonza akiwa amebana midomo, pembe zake mbili zimepanda kidogo kuelekea mashavuni, kama mtu aliyeficha pipi mdomoni na hataki kugawa. Bulonza ni mama wa Kikongo kutoka Kivu Kusini, na salamu yake peke yake inaweza kufika Giheta bila kupanda gari. Anaita mara ya kwanza. Kimya. Anaita tena. Kimya.

"Weye Emiliana! Mi nakuambia bonjour, we unapita tu kama gari ya ministre? Nimekukosea nini?"

Emiliana anauonyesha mdomo wake kwa kidole, kisha anauonyesha mlango wa karakana ya wachoraji, ng'ambo ya barabara. Anaingia.

"Aa, bon," anasema Bulonza, akimgeukia mteja wake. "Leo iko na mudomo ya mutu. Muache apite, isianguke."

Ndivyo ilivyo. Mdomo alio nao Emiliana usoni si wake, ni wa mama yake. Ameubeba tangu jana kutoka Buhinyuza, kule Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania. Ameshuka nao Karuzi dereva alipokuwa akibadilisha gurudumu, ameingia nao Gitega jioni, amelala nao, ameamka nao. Utingo alipomuuliza anashukia wapi, alimjibu kwa vidole, na abiria wa pembeni akampa pole ya jino. Chai hajanywa mpaka sasa. Anaogopa kwamba akifungua midomo tu, safari yote imekwenda bure.

Ndani ya karakana kumefungwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kurasa zimetundikwa kwa vibanio vya nguo. Kwenye kila ukurasa wamo watu wenye macho, pua na masikio. Midomo hawana. Kwa mgeni inatisha kidogo: kijiji kizima kinakutazama na hakuna anayekwambia karibu. Kwa Emiliana ni asubuhi kama nyingine. Watu wameamka, wanamsubiri awaruhusu kusema.

Anakaa mbele ya kioo, anachukua penseli, anautazama ule mdomo wa kuazima.

Ukurasa ulio mbele yake ni wa tisa katika kitabu cha watoto, na umeshakataliwa mara moja. Alhamisi hii utapelekwa tena Buhinyuza, mbele ya akina mama walewale walioukataa. Wakiukataa mara ya pili, midomo ya kitabu hiki, na ya vitabu vyote vitakavyofuata, itatengenezwa na kompyuta iliyoko Bujumbura. Emiliana hana kazi nyingine anayoijua. Anachora midomo tu.

Katika karakana hii kila mtu ana sehemu yake. Magloire, mwenye karakana, huchora miili na nyuso, na kijana mwingine hupaka rangi milima na nguo. Midomo ni ya Emiliana, mwanamke wa miaka thelathini anayecheka haraka na kufuta haraka zaidi.

"Watu wanadhani mdomo ni kitu chekundu," anasema baadaye, midomo yake ikiwa imesharudi kwake. "Mdomo ni kivuli. Ule mstari wa katikati, midomo inapokutana, ndio mdomo wenyewe. Ukizungusha kalamu pande zote, umechora soseji."

Meno nayo hachori moja moja. "Ukiyahesabu, mtu anazeeka hapohapo." Anaacha weupe kidogo, anaweka kivuli chini ya mdomo wa chini, anaondoka. Mdomo wa mtoto hukaa juu, karibu na pua, kana kwamba unasikiliza harufu ya chakula. Wa mzee hurudi ndani taratibu, kama mtu anayeingia nyumbani jioni na kuvuta mlango.

Kabla ya kuchora lazima aseme. Kila mtu wa kitabuni ana maneno yake, na Emiliana huyatamka mbele ya kioo polepole, kisha huganda katikati ya neno.

"Picha haiwezi kusema neno zima," anaeleza. "Inakamata kipande kimoja tu. Kazi yangu ni kuchagua kipande."

Kuganda huko kumeshamletea makubwa. Kioo kiko dirishani kwa sababu ya mwanga, na dirisha linatazama barabara. Mwaka jana alikuwa akichora msichana anayepuliza moto jikoni: midomo imechongoka, macho yamefumba nusu. Crispin, anayeleta ndizi mjini kwa baiskeli kutoka Giheta, akapita, akaona. Kesho yake akapita tena akiwa na shati lililopigwa pasi, akaegesha mkungu mzima mlangoni.

"Nilimwambia, Crispin kaka yangu, ule ulikuwa moto wa kuni. Akasema hata yeye ameuona huo moto."

Ndizi zililiwa na karakana nzima, maana kurudisha chakula si adabu. Hadi leo Crispin akifika hapo dirishani hupiga kengele, hata kama barabara ni tupu.

Emiliana analipwa faranga elfu tatu kwa ukurasa, uwe na mtu mmoja au uwe na harusi nzima. "Kurasa za sokoni ndizo zinazoniibia," anasema.

Alizaliwa kambini, mkoani Kigoma, ambako mama yake, Theodosia, alikimbilia vita vilipoanza akiwa na mimba yake. Kwenye ukuta wa zahanati ya kambi palikuwa na picha kubwa ya familia inayonawa mikono. Jua lilikuwa likiipiga kutwa, na katika rangi zote, nyekundu ndiyo iliyotangulia kupauka. Mwaka baada ya mwaka familia ile ilibaki na macho, sabuni na maji, lakini midomo ikayeyuka. Watoto waliikimbia.

Emiliana, aliyekuwa darasa la sita, alimwomba fundi wa milango masalio ya rangi kwenye kopo, akapanda juu ya ndoo, akawarudishia midomo yao.

"Baba wa ile picha nilimpa mdomo wa mwalimu wetu wa hesabu," anakumbuka. "Watoto wote wakaanza kunawa."

Amani ilipotulia, malori yakaja kuwachukua. Emiliana alikuwa na miaka kumi na minane. Alivuka mpaka ameketi juu ya magodoro, akitazama vilima ambavyo mama yake alikuwa amemsimulia kila jioni ya utoto wake, kimoja kimoja, hadi vikawa kama watu wa ukoo.

"Nilikuwa narudi mahali ambapo sijawahi kufika," anasema. "Niliona mlima nikasema, aa, huyu namjua. Mama akaniambia, siyo huyo, ni yule wa nyuma yake."

Baada ya miaka michache ya kulima Buhinyuza alikuja Gitega kuchora mabango ya saluni. Ndiko Magloire alikomwona. "Kichwa ilikuwa mubaya, nywele mubaya," Magloire anakumbuka bila huruma. "Ila mudomo, vraiment, ilikuwa karibu kunisalimia."

Akamchukua karakanani, na hapo ndipo kitabu hiki kilipomkuta. Ni hadithi ya bibi anayerudi kilimani kwake baada ya miaka mingi ugenini. Nyumba haipo, njia imeota majani. Lakini pale alipokuwa akitupa kokwa za parachichi zamani, amesimama mti mkubwa umejaa matunda. Ukurasa wa tisa bibi anautazama mti huo, na kwa mara ya kwanza tangu kitabu kianze, anacheka.

Shirika linalogharimia kitabu lina desturi ya kupeleka kurasa vijijini kabla ya kuzipeleka kwa mchapaji, ili wenyeji waseme kama wanajiona humo. Emiliana mwenyewe ndiye aliyependekeza Buhinyuza. "Nilitaka mama yangu aone," anasema. "Nilitaka kujidai kidogo."

Wiki tatu zilizopita akina mama wa kilimani walikusanyika uani, wakapokezana kurasa. Walipofika wa tisa wakausogeza karibu na macho, mmoja baada ya mwingine. Bibi alikuwa akicheka mdomo wazi, shavu hadi shavu, meno yote nje. Mwishowe mama mmoja akauliza kwa upole:

"Anauza nini huyu?"

"Hauzi, amelewa," mwingine akamsahihisha.

"Muacheni, si wa huku. Kapotea njia."

Theodosia aliushika ukurasa kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akamrudishia binti yake. "Mwanangu," alisema, "huyu simjui."

Kosa lilikuwa rahisi, na liko ng'ambo ya barabara hadi leo, linauza vitenge. Kwa miaka mingi Emiliana alipotaka mdomo uliofunguka alikuwa akiinua macho tu dirishani: mdomo wa Bulonza uko kazini tangu asubuhi mpaka jioni. Alimpa bibi wa hadithi kicheko cha mfanyabiashara anayemrudisha mteja aliyeanza kuondoka.

Bulonza aliposikia hakukasirika. "Mi iko naomba nilipwe," alisema. "Mudomo yangu imesafiri katika vitabu mpaka Muyinga, mi mwenyewe sijawahi kufika kule. Na sasa wanaifukuza? Bila hata kuipa maji?"

Huko kilimani, wanawake wa umri wa Theodosia hawacheki mdomo wazi. Kicheko kikija, kiganja kinatangulia. Emiliana alilelewa kambini katikati ya watu wa kila aina, wanaocheka kila namna, na alikuwa amesahau kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuuona mdomo wa mama yake ukicheka.

"Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anaficha nini," anasema. "Akaniambia, ndani ya mdomo ni kama chumba cha kulala, mgeni hapelekwi."

Mtoto hakuridhika. Alikuwa akilala kwenye mkeka huku akiwaza kile kilicho nyuma ya kiganja. Mara moja aliota kwamba kuna chumba kidogo chenye taa, na ndani yake wameketi watu wa Buhinyuza wote waliobaki nyuma, wanaongea kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ikivuja nje ndiyo watu wanaiita kicheko cha Theodosia. Aliamka akataka kumwambia mama. Aliona haya.

Habari za ukurasa uliokataliwa zilifika Gitega kabla yake. Magloire alimketisha chini.

"Dada yangu, mi siipendi ile kompyuta. Iko na midomo tayari ndani, unachagua tu, tik, tik, kama nyanya. Mais bale batu ya shirika njo wanalipa. Wakikataa tena, midomo yote inaenda Buja. Mi nifanye je?"

Emiliana alirudi kwenye meza yake. Alijaribu kioo, akajaribu kumbukumbu, akafuta hadi karatasi ikatoboka pale panapotakiwa mdomo, na bibi akawa kama anapiga miayo. Jumamosi iliyopita akapanda gari kwenda Buhinyuza.

"Mama," alisema hata kabla ya kutua mkoba, "cheka kidogo nikuone."

"Nicheke nini?"

"Chochote. Cheka tu."

Theodosia alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umetoka Gitega mpaka hapa kuja kuniomba nicheke bure? Haya, jembe lile pale. Nikikuona unalima nitacheka."

Emiliana alilima. Mama yake alicheka kweli, akiwa amempa mgongo.

Jumapili mchana jirani yao Venansi, mkulima aliyekulia Tanzania kama Emiliana, aliwaita watu kusherehekea paa jipya. Mtungi wa impeke, ile pombe ya mtama, uliwekwa katikati ya uwanja, na watu wakauzunguka kwa mirija mirefu. Theodosia alipewa kigoda cha heshima. Mkono wa kulia alishika mrija, na kwenye wa kushoto alikuwa amelaliwa na mtoto wa Venansi.

Venansi akaanza kusimulia siku zake za kwanza baada ya kurudi, alipokabidhiwa ng'ombe wa urithi na hajui Kirundi cha kumsemesha.

"Nikamwambia, 'Sogea.' Ananitazama. Nikamwambia, 'Tafadhali sogea.' Ananitazama kama afisa wa uhamiaji. Nikaona huyu ataniomba karatasi. Nikatoa kitambulisho, nikamwonyesha."

"Akasoma?" mtu akauliza.

"Alikula."

Kicheko kikampata Theodosia mrija ukiwa mdomoni. Kiganja hakikuwa na nafasi; kimoja kilikuwa na mrija, kingine kilikuwa na mtoto. Kicheko kikakosa mlango, kikateremka ndani ya mrija, kikatokea chini ya mtungi. Pombe ikaanza kutokota mbele ya macho ya watu wote.

"Nani anaongea humo ndani?" Venansi akauliza, akiinama kuuchungulia mtungi, na uwanja mzima ukalala chini kwa vicheko.

Emiliana peke yake hakucheka. Alikuwa ameganda. Midomo ya mama yake ilikuwa imefunga kabisa kuuzunguka mrija, lakini pembe zake mbili zilikuwa zinatoroka, moja huku, nyingine huku, na mashavu yakizisindikiza. Mdomo ulikuwa umekishika kicheko kama mtu anayeshika kuku kwa mikono miwili.

Hakuwa na karatasi wala penseli. Akauvaa. Akabana midomo yake vilevile, akapandisha pembe zilezile, akajigusa kwa kidole kuhakikisha, na hakusema tena neno na mtu. Aliaga kwa kupunga mkono. Mama yake alidhani amenuna.

Na sasa ni Jumatatu, penseli inatembea. Mstari mmoja wa katikati, mwembamba, unazama mwishoni. Vivuli viwili kwenye pembe. Kati ya midomo Emiliana anachora mrija, na hapo Magloire anayechungulia begani mwake anapiga kelele.

"Bibi anakunywa pombe? Katika kitabu ya watoto? Emiliana, unataka kufunga karakana?"

Emiliana anajitetea kwa mikono, maana mdomo bado uko kazini. Magloire anatikisa kichwa. Basi Emiliana anachukua kifutio na kuuondoa mrija polepole, kuanzia chini kwenda juu, akiuacha mdomo ulivyo. Wote wawili wanasogea nyuma.

Mdomo umebaki umeshika kitu kisichoonekana. Bibi anautazama mparachichi wake, amejaa kicheko hadi pomoni, na hajatoa hata chembe.

"Tiens," anashangaa Magloire kwa sauti ya chini.

Emiliana anaachia midomo. Inauma. Neno lake la kwanza tangu jana ni "Chai."

Alhamisi jua limewaka Buhinyuza, na akina mama walewale wameketi uani. Mwanamke wa shirika anagawa kurasa. Emiliana amesimama nyuma, karibu na banda la mbuzi. Ukurasa wa tisa unapita mkono hadi mkono. Yule aliyeuliza bibi anauza nini anautazama, anaguna, anampa wa pili. Wa pili anautazama, anampa wa tatu. Unafika kwa Theodosia.

Theodosia anaushika kwa mikono miwili. Anausogeza mbali, kisha karibu.

"Huyu umemwona wapi?" anamuuliza binti yake.

"Kwa Venansi, mama. Jumapili. Kwenye mrija."

Mabega ya Theodosia yanaanza kutikisika. Mkono wa kulia unaiachia karatasi na kupanda, na Emiliana, aliyeutazama mkono huo maisha yake yote, anajua unakokwenda. Safari hii haufiki huko. Unasita hewani, unashuka, na kiganja kinatua juu ya karatasi, kinaufunika mdomo wa bibi wa kitabuni taratibu, kama mtu anayemsitiri dada yake.

"Msimtazame hivyo," anawaambia wenzake. "Mtamtia haya!"

Kisha anacheka. Kiganja kimoja kiko juu ya mdomo wa bibi wa kitabuni. Kingine kimeshika karatasi. Na mdomo wake uko wazi, juani, mbele ya watu wote, na hakuna wa kuufunika.

Akina mama wanapiga makofi. Mmoja anasema huyu sasa ni wetu, mwingine anauliza parachichi hizo zinauzwa wapi. Mwanamke wa shirika anaandika haraka. Hakuna kati yao anayetazama anakotazama Emiliana.

"Kulikuwa na jino moja la juu limemwegemea mwenzake, kama mtu aliyesinzia kanisani," anasimulia. "Na pengo upande wa kushoto. Hakuna chumba, hakuna taa. Na bado nilisikia wale watu wakiongea."

Ilichukua muda mfupi tu. Theodosia alishtuka, mkono ukarudi mahali pake, na akamwuliza binti yake anashangaa nini, mbuzi anakula kitenge chake.

Ukurasa umepita. Magloire alipopigiwa simu aliitikia kwa sauti iliyovuka barabara, na Bulonza akaitangaza habari hiyo Musinzira nzima akidai yeye ndiye aliyejiuzulu. Kompyuta ya Bujumbura imebaki na midomo yake.

Emiliana sasa ana mpango. Mtama wa mwaka huu ukivunwa atarudi Muyinga kuzunguka vilimani, mtungi baada ya mtungi, kuangalia watu wanavyocheka huko, ili asimwombe tena Bulonza afanye kazi ya mkoa mzima. Shule ya Buhinyuza imemwahidi ukuta mrefu unaotazama barabara. Anataka kumweka hapo bibi wa parachichi, mkubwa, watoto wamwone wakiingia na wakitoka.

Na ule mdomo mwingine, ule alioupata uani?

Anatikisa kichwa. Hajauchora, hata kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Anageukia kioo, anajaribu kuegemeza jino juu ya jino, anashindwa, anacheka. Nje, kengele ya Crispin inalia.

"Ukuta ule unapigwa na jua kutwa, kama ule wa zahanati," anasema. "Ule nitauchora siku nikipata nyekundu isiyopauka."